Kindi, Kiboko na Fomu ya Kuhama

Paukwa!

— Pakawa!

Nani huyo kaitikia puani? Mwanatumu, ni wewe? Futa machozi, mwanangu. Umerudi kutoka chuoni na fomu ileile haina sahihi, nimeshasikia, na mimi shangazi yako nimekasirika kuliko wewe. Na nyie wengine kaeni vizuri. Narudia. Paukwa!

— Pakawa!

Palikuwa na chuo?

— Palikuwa!

Na mkuu wa idara mwenye tumbo?

— Alikuwepo!

Basi mpokeeni, maana mimi nimechoka kumbeba.

Hapo zamani wanyama walikuwa na chuo kikuu chao, kimoja tu nyika nzima. Kila mnyama aliandika anachotaka kusoma. Kindi akaandika: kupanda miti. Chaguo la kwanza kupanda miti, la pili kupanda miti, la tatu kupanda miti, asije akasingiziwa. Majina yakabandikwa. Kindi: Shahada ya Kuogelea. Kuogelea! Kale kamnyama kenye mkia wa manyoya, mkia ukiloa tu kanazama nao! Eti kwenye miti kumejaa. Kumejaa nini? Miti tele imesimama tu haina kazi!

Mkuu wa Idara ya Kuogelea alikuwa Profesa Kiboko. Kando ya bwawa lake palikuwa na mawe arobaini, kila mwanafunzi na jiwe lake, hazidi hata mmoja. Na kila Jumatatu kila mwanafunzi alete tita la nyasi, kadiri ya nguvu zake, ndipo aruhusiwe kukaa. Ziliitwa nyasi za idara. Idara ina mdomo? Zilikuwa zinaingia tumboni kwa Kiboko, nyafu nyafu nyafu, mpaka jioni.

Halafu Ijumaa, mtihani wa kuzamia. Mwaka uliotangulia Nguchiro alizama, hakuibuka. Wakaandika kwenye daftari: "Hakuhudhuria." Mmesikia? Mwenzao kafia humo humo machoni pao, wao wanaandika hakuhudhuria!

Kindi akaenda masjala. Karani Kobe akampa fomu ya kuhama.

"Asaini mkuu wa unakokwenda, apige muhuri mkuu wa unakotoka. Irudi hapa Ijumaa kabla ya saa sita mchana. Saa sita nafunga dirisha, na nikifunga nimefunga, hata aje Simba."

Kwa Mama Kima, mkuu wa Idara ya Miti, hakukawia. "Jamani! Wewe majini ulifuata nini?" Akasaini huku ananing'inia. Ikabaki sehemu moja tu, ya Kiboko.

Jumatatu, Kindi puru puru puru mpaka bwawani.

"Shikamoo Profesa."

"Marahaba."

"Fomu yangu, Profesa."

"Niko kikaoni. Njoo kesho."

Akazama, bwa bwa bwa, mapovu juu. Kikao gani hicho, mtu yuko peke yake chini ya maji?

Jumanne, puru puru puru.

"Shikamoo Profesa."

"Marahaba."

"Fomu yangu, Profesa."

"Muhuri una maji. Njoo kesho."

Na muhuri wenyewe ni wayo wake! Anauchovya topeni, anaugandamiza kwenye karatasi, pwaa! Lini wayo wa kiboko ulikuwa mkavu?

Jumatano, puru puru puru.

"Shikamoo Profesa. Ijumaa nitakufa."

Kiboko akafungua jicho moja. "Nikikuachia wewe, kesho watataka wote. Nyasi ataleta nani? Soma ulichopangiwa. Utazoea."

Utazoea! Neno hilo nalichukia mpaka leo.

Kindi akapanda juu ya mti, akalia, kwi kwi kwi. Alipomaliza kulia, hasira ikampanda. Alipokasirika, akili ikamjia. Alhamisi akamfuata Ndovu, ambaye hakuwa na kozi kwa sababu kila idara ilimwona mkubwa mno.

"Kaka Ndovu, unapenda nyasi zilizokwisha kukatwa?"

"Nani hapendi?"

"Na kuoga je?"

"Nani hapendi?"

"Basi kachukue fomu ya kujiunga, kesho asubuhi usimame karibu na bwawa. Usiseme kitu."

Ijumaa, saa nne, Kindi akafika bwawani. Safari hii hakutoa fomu. Alikaa kwenye jiwe lake, akajikunja.

"Shikamoo Profesa. Ndovu yule pale anataka kuogelea. Nimemwambia ukweli tu, mawe arobaini yamejaa, aende zake."

Kiboko akaibuka, bwaa! Akautazama ule mkonga. Akaanza kupiga hesabu ya tita linaloweza kubebwa na mkonga ule, mate yakamtoka.

"Nani kakutuma umwambie hivyo? Mmoja atatoka ampishe!"

"Mtoe Fungo wa jiwe la pili," Kindi akasema, machozi tayari. "Mimi nimeshaanza kuyapenda matope, Profesa. Usinitoe mimi!"

"Jumatatu ulileta nini?"

"Majani matatu, Profesa."

"Matatu! Wewe ndiye wa kutoka! Lete fomu!"

"Nionee huruma, Profesa!"

"Lete hapa!"

Pwaa! ya Kindi. Pwaa! ya Ndovu. Na Kiboko mwenyewe, aliyekuwa na muhuri wa maji tangu Jumanne, akamfokea: "Kimbia, dirisha lisikufungie!"

Kindi akakimbia analia, puru puru puru. Alipopita kona akaacha kulia. Ndovu nyuma yake, tindi tindi tindi. Kobe akapokea fomu mbili, akaandika, akafunga dirisha. Kwa!

Alasiri mtihani wa kuzamia. Ndovu akaingia bwawani wa kwanza, maji yote yakamwagika nje. Mtihani ukaahirishwa, hakufa mtu.

Jumatatu wanafunzi thelathini na tisa wakaleta matita. Ndovu akaja mkonga mtupu. Akala tita la kwanza, akala la pili, akala yote thelathini na tisa, akapangusa mdomo.

"Profesa, za idara ni hizi tu?"

Kiboko mbio masjala, jasho linamtoka. "Kobe! Nipe fomu, Ndovu ahame leo hii!"

Kobe akachungulia kwenye kitundu. "Dirisha limefungwa, Profesa. Njoo mwakani."

"Mwakani! Na mimi nitakula nini?"

"Utazoea," Kobe akasema.

Juu ya mti Kindi yuko darasani, mkia mkavu.

Hadithi yangu nimeitua hapo. Utamu wake gawaneni, uchungu wake niachieni mimi.

Na funzo mlisikie, maana wakubwa wanapenda funzo: watoto wema hawahami kozi. Someni mlichopangiwa, msiwasumbue wakubwa, waliowapangia wanawajua kuliko mnavyojijua. Mimi shangazi yenu nilikuwa mtoto mwema. Nilitaka uuguzi, nikapangiwa madini, nikaambiwa nitazoea, nikatulia miaka minne. Cheti kipo sandukuni, chini ya mashuka. Jiwe hata moja sijawahi kulichimba.

Mwanatumu, dirisha la kwenu linafungwa lini?

— Kesho saa sita, shangazi.

Nipe mtandio wangu. Twende sasa hivi, na huyo mkuu wako aniambie mimi njoo kesho.