Jina Moja kwa Baba

Nisikilizeni vizuri, maana mwishoni nitawauliza nyinyi, na sitaki mtu aniambie alikuwa anasinzia.

Walikuwa wanne, watu wa pwani, katika nyumba moja ya kupanga kule Istanbuli, ghorofa ya nne. Hatibu alikuwa na pua. Alichanganya manukato dukani kwa tajiri mmoja, na angeweza kukwambia chupa ilifunguliwa jana au juzi. Kitwana alikuwa na nguvu, akibeba marobota ya nguo sokoni kutwa nzima. Shekuwe alikuwa na ulimi. Kwa miezi sita tu alikimeza Kituruki chote, akawa mkalimani wa wafanyabiashara, ingawa kibali chake cha kuishi kilikuwa kimekwisha muda.

Wa nne alikuwa Mwanasiti binti Mbwana, wa Pangani, mshona vifungo katika karakana ya mashati. Yeye alikuwa na chumba chake kidogo chenye komeo. Wanaume walilala sebuleni. Wote watatu walimpenda, naye alijua. Lakini walikuwa wameahidiana kwamba maadamu wako naye chini ya paa moja, atakuwa dada yao, na hakuna atakayemtamkia neno. Ahadi hiyo waliitunza majira mawili ya baridi, na Mwanasiti aliwaheshimu kwa hilo kuliko walivyodhani.

Ijumaa moja ya theluji Mwanasiti aliosha nywele, akataka kuzifukiza udi kama alivyofundishwa na mama yake. Akawasha mkaa kwenye chetezo, akatia udi, akajifunika kanga. Kwao Pangani dirisha halifungwi mchana, moshi hutoka wenyewe. Hapa alikuwa ameziba kila ufa kwa matambara ili baridi isipenye, na hilo hakulikumbuka kabisa. Kichwa kikaanza kumuuma. Akajilaza apumzike kidogo, na mlango umekomewa.

Yaliyofuata alikuja kusimuliwa hospitalini.

Hatibu alikuwa anapanda ngazi akitoka kusali. Akanusa mkaa mtupu, udi umeshateketea wote. Moyo ukamlipuka, kwa kuwa Mwanasiti hakuwa mtu wa kuacha chetezo bila udi. Akagonga, akaita, kimya. Mlango ulipofunguka aliingia wa kwanza, akapapasa mpaka dirishani, akalifungua na kuutupa mkaa nje. Tangu avute moshi ule, hanusi kitu, hata karafuu.

Kitwana, aliyekuwa nyuma yake ngazini, ndiye aliyeufungua mlango huo. Aliupiga bega mara tatu. Mara ya tatu mlango ulianguka na bega likavunjika. Kwa mkono uliobaki alimpakia Mwanasiti mgongoni, akashuka naye ghorofa zote nne. Daktari amemwambia hatabeba robota tena.

Shekuwe alikuwa barabarani, akirudi. Gari la wagonjwa lilipofika, wahudumu walidhani msichana amekunywa sumu, wakaanza kumtibu hivyo. Pembeni alisimama askari. Shekuwe angeweza kujipitia zake. Alijitokeza akaeleza, kama Kitwana alivyomwambia, kwamba ni moshi wa mkaa, akaeleza tena mpaka wakamwelewa na kumwekea Mwanasiti hewa. Kisha askari akamwomba kibali. Sasa ameamriwa kurudi kwao, na ndege yake ni kesho.

“Mngepoteza dakika tano popote pale,” daktari aliwaambia wote watatu, “huyu asingekuwepo.”

Mwenye nyumba naye akawafukuza. Nyumba imekwisha, na ahadi imekwisha. Wakaja wote watatu kando ya kitanda, kila mmoja akasema mbele ya wenziwe kwamba anamtaka awe mkewe.

“Na wenzako?” Mwanasiti alimuuliza Hatibu.

“Bila Kitwana ningebaki nanusa mlangoni tu.”

“Bila Shekuwe ningekuwa nimebeba maiti,” alisema Kitwana.

 Shekuwe, mwenye maneno yote, aliwatazama wenzake, machozi yakimtoka.

Baada ya sala ya alasiri baba yake Mwanasiti alipiga simu kutoka Pangani. “Mwanangu, nimepata posa tatu kwa simu, na kila mposaji amewasifu wenziwe kuliko nafsi yake. Mimi siwezi kuchagua. Yule kijana anaondoka kesho, na si haki aondoke bila kujua. Nitajie jina moja.”

Mwanasiti alikuwa na jina alilolificha moyoni tangu majira ya kwanza ya baridi, kabla ya mkaa na kabla ya mlango kuvunjwa. Ni la mmoja wao. Lipi, mimi hakuniambia. Lakini akilitaja, atawatazamaje wale wawili, ambao pumzi anayolitajia ni yao pia? Na akiliacha, amtaje mwingine kwa kumshukuru, mume huyo atakuwa amepewa nini? Aliona uchungu kama mtu anayefiwa, ilhali hakuna aliyekufa.

“Mwanasiti? Nakusikiliza, mwanangu.”

Baba bado yuko kwenye simu, na wanaume watatu wamesimama pale, wanamtazama mdomo. Je, wewe ungemtaja nani?