Picha Iliyovuta Pumzi

Hapo zamani, huko Ulaya, watu walizinduka kama waliotoka usingizini. Vitabu vya kale vikafukuliwa, nyota zikapimwa, na kila fundi akataka kujua kilichomo ndani ya kitu kabla ya kukichora. Mimi nasema yapo mambo yaliyostahili kuachwa yalale. Lakini tulieni, mtaamua wenyewe.

Katika mji mmoja wa Italia aliishi mjane, Bi Ginevra, na mabinti wake wawili. Mkubwa, Lapa, akafa kwa homa. Mdogo, Nencia, akabaki. Lakini mama yule hakuwa na macho ya kumwona aliyebaki. Alilia mpaka sauti ikamkauka, kisha akamwita Fundi Neri, mchoraji aliyevuma mjini.

"Nirudishie mwanangu, fundi."

"Siwezi kuchora ngozi nisipojua kilicho chini yake, bibi," Neri akajibu. "Siku hizi ndivyo tunavyofanya. Mwili wake apewe kwanza Tabibu Ubaldo."

Mama akakubali. "Fanyeni mtakalo. Ilimradi nimwone."

Tabibu Ubaldo alipasua maiti wakati wa baridi tu, kwa kuwa hazikuharibika upesi. Akampasua Lapa, Neri akiwa kando anachora. Tabibu hakutosheka. Akachukua mvukuto wa jikoni, akapuliza hewa kooni mwa marehemu. Mapafu yakavimba. Kifua cha maiti kikainuka, kikashuka. Neri akacheka.

"Hiyo ndiyo nitakayochora," akasema. "Pumzi!"

Sasa sikilizeni kosa lake. Wachoraji wa mji ule waliwachora watu midomo ikiwa imefungwa. Ndivyo walivyofundishwa, na hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini. Neri, kwa kiburi chake, akaiacha midomo ya Lapa wazi kidogo. Na ili apate umbo, akamvalisha Nencia gauni la dada yake, akamkalisha kwenye kigoda mbele ya picha.

Alipomalizia mboni ya jicho, picha ikavuta pumzi.

Mchana kweupe, jamani, jua likiwa dirishani! Bi Ginevra akapiga magoti akilia kwa furaha. Hakumwona Nencia alivyokuwa akisawijika. Picha ikivuta, binti anatoa. Picha ikivuta, binti anatoa. Na kilichomtoka hakikumrudia.

Tabibu, aliyekuwa amekuja kuitazama picha, akamshika Nencia mkono amwinue. Miguu ikagoma. Neri akachovya brashi aifunge ile midomo kwa rangi, Nencia akakabwa koo, akaanza kurusha mikono. Ikabidi Neri aifute rangi haraka. Ndipo picha ikasema, kwa sauti nyembamba na baridi:

"Akitaka kuinuka, mwingine aketi. Mimi nimeshaamshwa. Silali tena."

Wote watatu wakakitazama kigoda. Hakuna aliyesogea.

"Kaa wewe, tabibu," Neri akasema. "Wewe ndiwe uliyemtia hewa maiti. Mimi nimechora nilichokiona tu."

"Hewa yangu ilitoka palepale!" Ubaldo akafoka. "Nani aliyemwachia mdomo wazi? Tena mji umejaa wagonjwa. Nikifa mimi, watakufa wangapi? Wewe ukifa, tutakosa picha."

"Na nani aliyetutuma?" Neri akauliza. "Si yeye huyu? Alisema tufanye tutakalo. Mama mzazi alitoa mwili wa mwanawe kwa mdomo wake mwenyewe, leo mnanitazama mimi?"

Wakamgeukia Bi Ginevra. Bado alikuwa amepiga magoti, na uso wake ulikuwa umeielekea picha.

"Mama," tabibu akamwambia kwa upole, "huyu wa kigodani naye ni mwanao. Anakwisha."

"Najua," akasema. "Nitakaa mimi. Naapa nitakaa. Ila ningojeeni kidogo tu. Huyu bado hajaniita mama."

Kifua cha Nencia kilikuwa karibu kutulia kabisa. Halafu, mle chumbani, ikasikika sauti dhaifu ikiita, "Mama."

Midomo miwili ilikuwa imecheza pamoja, ya binti na ya picha. Bi Ginevra akageuza kichwa huku, akakigeuza kule, asijue amwitikie nani.

Na kigoda kilikuwa kimoja, na muda ulikuwa unaisha. Haya, nyinyi mnaosikiliza, msitazame chini. Mpasuaji, mchoraji, au mama: je, nani alistahili kuketi?