Sauti kwa Lwitiko, Picha kwa Gwakisa

Hapo zamani, na zamani yenyewe si ya majini wala ya wafalme, ni juzijuzi tu, mama mmoja wa Tukuyu alitaka kumwona mwanawe aliyekufa. Kaeni vizuri. Wewe wa mlangoni, ingia au toka, unatuletea baridi. Hadithi hii haichekeshi, na mwisho wake siutoi mimi. Mtautoa ninyi, na najua mtagombana.

Mama huyo aliitwa Tupokigwe. Alikuwa na watoto watatu. Wa kwanza Lwitiko, mwanamume, fundi wa kompyuta hapo hapo mjini. Wa pili Sekela. Wa mwisho Atupele, binti, aliyekuwa na kazi yake Dar es Salaam. Sekela ndiye marehemu. Alikuwa mchumba wa Gwakisa, kijana wa mtaa wa pili, barua ya posa imeshajibiwa, bado miezi miwili harusi. Homa ikamkamata Jumatatu, Ijumaa tukamzika. Nilikuwepo. Mvua ilinyesha tangu asubuhi na kaburi likajaa maji, ikabidi wayachote kwa ndoo kwanza.

Sasa sikilizeni habari ya kazi yake. Sekela alirekodi kwaya na sherehe za watu. Alitumia programu huria, zile ambazo mwandishi wake hakupi programu tu, anakupa na maandishi yake yote, uyasome na kuyabadilisha utakavyo. Sekela akayabadilisha. Akajitengenezea programu yake ya video, na video zake zikawa hazifunguki kwa programu nyingine yoyote. Alikuwa na kiburi kidogo cha kazi, nasema ukweli, marehemu na anisamehe.

Alipokuwa akifanya kazi hiyo Mbeya mjini alijirekodi dakika kumi na mbili akizungumza na mama yake. Mwaka uliofuata akaja likizo ya Krismasi, akamwita: "Mama, njoo nikuoneshe kitu." Mama anachambua maharage. "Nitaangalia kesho," akasema, "si mwenyewe upo hapa?" Kesho yake ndiyo homa ikaanza. Na haukupita mwezi baada ya mazishi, radi ikapiga kompyuta ya Sekela ikaungua yote. Kilichopona ni diski moja ndogo iliyokuwa kabatini. Ndani yake mlikuwa na ile video, na yale maandishi ya programu. Programu yenyewe, iliyokuwa tayari kufanya kazi, haikuwemo.

Miaka miwili mama hakuigusa ile diski. Aliifunga kwenye leso akaiweka chini ya mto. Kisha macho yakaanza kumsumbua. Akapelekwa hospitali, daktari akammulika, akasema, "Mama, ni presha ya macho, na tumechelewa. La kulia limekwisha. La kushoto lina wiki tatu."

Mama hakulia. Alirudi nyumbani, akawaita watu wake, Atupele akapigiwa simu. Akasema, "Picha ya ukutani naijua, haipepesi macho. Mimi nataka kumwona Sekela anayetikisa kichwa akiongea. Nionesheni mwanangu kabla giza halijaingia. Sina lingine ninaloliomba."

Ombi dogo, eti? Ngojeni.

Yale maandishi ya programu, mashine haiwezi kuyatumia hivi hivi. Lazima kwanza yageuzwe kuwa programu, na kazi hiyo wenyewe wanaiita kukompaili. Na kila mashine inakompaili kivyake. Lwitiko alikuwa na Windows, Gwakisa alikuwa na Linux, Atupele alikuwa na Mac. Iliyokompailiwa kwa mmoja haiendeshwi kwa mwingine. Tena kuna vitu vinaitwa maktaba, ni kazi za watu wengine ambazo programu inaziazima: maktaba ya sauti, maktaba ya picha. Ikikosekana moja, mashine inagoma. Wakanakili diski, kila mmoja akachukua nakala yake, kila mmoja akaanza kuhangaika peke yake. Angalieni hilo neno, peke yake.

Humo ndani ya diski mlikuwa na folda moja iliyoandikwa "Mama". Lwitiko akaiona, akasema moyoni, haya ni mambo ya mama na binti yake, sichungulii. Gwakisa akaiona, akasema, haya ni mambo ya mkwe wangu, mimi nani hata nifungue? Wote wawili wakaiacha. Heshima.

Gwakisa alikuwa wa kwanza kufanikiwa. Siku ya sita. Linux yake ilikubali kila kitu isipokuwa maktaba ya sauti, ambayo Sekela alitumia ya zamani sana na haipatikani tena mtandaoni. Gwakisa akaiambia mashine iruke sauti, ikompaili vilivyobaki. Ikakompaili. Akafungua video, na Sekela akatokea, anacheka, anatikisa kichwa, midomo inakwenda, kimya. Gwakisa alikaa mbele ya kile kioo hata uji wake ukapoa.

Akampigia Lwitiko. "Shemeji, picha ninayo. Sauti sina. Naomba ruhusa nimpelekee mama."

Maana kwa heshima ya ukwe, Gwakisa alikuwa haingii chumbani kwa mama bila ruhusa ya mtoto wa kiume wa nyumba ile. Kuni alileta, ndizi alileta, akaishia barazani.

Lwitiko akang'aka. "Bubu? Unataka kumletea mama mtoto bubu? Maiti ndiyo haisemi, shemeji. Tulishamwona akiwa kimya, siku tunamzika. Subiri, mimi namleta mzima."

"Lakini jicho la mama, shemeji..."

"Nimesema subiri."

Gwakisa akasubiri. Siku ile, mama alikuwa bado anaweza kuhesabu vidole vyake mwenyewe. Kumbukeni hilo.

Lwitiko naye akapambana. Windows ilimtaka kwanza akusanye zana zote za ufundi, kisha kila maktaba aikompaili mwenyewe, na kila aliyoimaliza ikadai nyingine. Ile ya sauti ya zamani aliikuta kwenye kompyuta yake ya miaka ya nyuma, ya picha ndiyo ikamshinda. Siku ya kumi, hola. Siku ya kumi na mbili, hola. Siku ya kumi na nne, saa nne asubuhi, akiwa sebuleni kwa mama yake, kompyuta ikakubali. Akabonyeza. Kioo kikawa cheusi, picha hakuna, lakini sauti ikatoka, kubwa, nyumba nzima: "Mama, shikamoo!"

Na kutoka chumbani, mama akajibu, "Marahaba, mwanangu."

Lwitiko akaizima kompyuta haraka. Mama akatoka anapapasa ukuta, khanga imemvuka begani, uso umechangamka kuliko siku zote. "Yuko wapi?"

"Bado, mama. Picha bado. Nilikuwa najaribu tu."

"Mbona umemzima?"

"Nitakuletea akiwa mzima, mama. Akiwa mzima, anaonekana."

Mama akakaa chini pale pale koridoni. Siku mbili alilia, chakula akakataa. Wapo wanaosema kilio kile ndicho kilichomaliza jicho. Mimi si daktari, sisemi.

Namsikia mmoja hapo nyuma ananong'ona: si wangeziweka kompyuta mbili mezani, picha kwa huyu, sauti kwa huyu, zikaenda pamoja? Ahsante, mwerevu. Picha ilikuwa kwa Gwakisa, sauti ilikuwa kwa Lwitiko, na kati ya nyumba zile mbili ni mwendo wa robo saa kwa miguu. Lakini Lwitiko alikuwa ameshatukana ile picha, akaona haya kwenda kuiomba. Na Gwakisa aliambiwa subiri, akaona vibaya kuuliza. Robo saa ile haikutembewa na mtu.

Twende Dar es Salaam. Atupele hakuwa fundi kama wale wawili. Alikwama siku ya kwanza, akakwama ya pili, akakaa siku nyingi anakwama. Siku ya kumi na saba akasema, basi, hebu nisome dada alimwandikia nini mama, angalau nimsikie. Akafungua folda ya "Mama".

Lahaula. Barua haikuwemo. Mlikuwa na maktaba zote mbili, ya sauti na ya picha, zimehifadhiwa vizuri, na mistari miwili ya Sekela: "Nimeziweka hapa ili zisipotee. Jina hili hakuna atakayelifuta."

Atupele akazitumia. Mac yake ikakompaili mara moja. Sekela akatokea, anaonekana, anasikika, mzima kabisa. Atupele alipiga kelele hata majirani wakaja.

Sasa angeweza kuwaambia wenzake, "Fungueni folda ya Mama," wakamaliza jioni ile ile. Angeweza kuigeuza video iwe ya kawaida, akaituma kwa simu. Hakufanya. Alimpigia Lwitiko akasema, "Kaka, nimempata mzima. Msihangaike tena. Nakuja naye mwenyewe."

Kwa nini? Kwa sababu dada yake alipozikwa yeye alikuwa kwenye mtihani, wakamficha, akaambiwa baadaye. Hakumwaga udongo kaburini. Alitaka safari hii awepo, amshike mama mkono. Akaomba ruhusa kazini, ikachukua siku mbili. Siku ya ishirini akapanda basi. Siku ya ishirini na moja asubuhi alikuwa Tukuyu, kompyuta kaikumbatia kifuani, viatu vimejaa tope.

Mama alikuwa ameketi kitandani, amepakwa mafuta, amevaa gauni la kanisani. Lwitiko akasimama upande wa kichwani, Atupele akakaa ubavuni, Gwakisa akaitwa aingie, kwa mara ya kwanza. Kompyuta ikawekwa mapajani kwa mama. Atupele akabonyeza.

"Mama, shikamoo!" Sekela akasema.

"Marahaba, mwanangu."

Akaongea ya kazi, ya Mbeya, ya ukungu. Mama anatabasamu, macho kayatumbua kwenye kioo. "Huyo," anasema, "mwangalieni anavyotikisa kichwa." Watoto wanalia kwa furaha. Sekela akacheka, akafungua kilemba chake. Chini yake kichwa kilikuwa kimenyolewa kipara, hakina hata unywele mmoja. Alinyoa mwaka ule alipokuwa Mbeya, zikaota tena kabla hajarudi nyumbani, na tulimzika na nywele zake zimesukwa.

"Usinigombeze, mama," Sekela akasema. "Niambie ukweli. Unanionaje?"

Mama akanyoosha kidole, akakigusa kioo pembeni, mahali pasipo na kitu. "Umependeza," akasema. "Hizo nywele ulivyozisuka, zimekukaa kweli kweli."

Hakuna aliyelia tena. Walitazamana juu ya kichwa cha mama yao, na mama akaendelea kutabasamu mpaka dakika zote kumi na mbili zikaisha.

Wakatoka chumbani, wakaingia jikoni, wakafunga mlango. Hapo ndipo maneno yalipowatoka.

Gwakisa akasema, na kwa mara ya kwanza hakusema shemeji: "Siku ya sita nilikuwa naye. Siku ya sita mama anaona. Angemwona mwanawe anacheka. Mimi ndiye niliyekuwa na kitu alichokiomba, na wewe Lwitiko ukanifungia mlango."

Lwitiko akasema: "Mlango ulikuwa wazi, uoga ulikuwa wako. Tangu lini mtu anaomba ruhusa ya kumfariji mama? Na sasa nambie, kipofu atafanya nini na picha yako? Kilichomfikia mama ni sauti. Na sauti ya kwanza kumfikia, akaitika, ilitoka kwangu."

"Ukaizima," Atupele akasema. "Ninyi mlikuwa na vipande. Mimi peke yangu nilimkompaili dada mzima. Mlikuwa na folda ile ile, hamkuifungua."

"Na wewe uliifungua ukatuficha," Gwakisa akamjibu. "Siku nne, shemeji. Huenda jicho limezimika juzi tu."

Atupele akafunika uso kwa mikono miwili. "Sikumzika," akasema. "Sikumzika mimi."

Hapo mama akaita kutoka chumbani. Wakapangusa nyuso, wakarudi, wakajipanga ukutani. Mama alikuwa ameifungua leso, ile diski ya Sekela ameishika kwenye vidole.

"Wanangu," akasema, "mmenitendea wema. Mimi haya mambo ya mashine siyajui, lakini najua mmoja wenu kawazidi wenzake. Aliyenionesha mwanangu, na aje aichukue diski hii, aitunze hata nikifa. Sitamtaja mimi. Anajijua."

Akanyoosha mkono. Aliunyoosha kuelekea dirishani, ambako hakuna mtu.

Wote watatu wakatazama chini. Mkono wa mama ukaanza kuchoka, hakuushusha. "Mbona kimya?" akauliza. "Hamna mtu?"

Mimi naishia hapo, na msiniombe zaidi. Yupo Gwakisa, aliyekuwa na picha wakati jicho bado linaona. Yupo Lwitiko, ambaye sauti yake iliitikiwa. Yupo Atupele, aliyemleta mzima kwa mtu asiyeona. Na ule mkono bado umenyooka kuelekea dirishani, mtu anasubiriwa. Je, nani alistahili kuipokea ile diski, na atakayeipokea atamwambia mama nini?