Jembe la Somoe

Paukwa! Itikieni kwa sauti, au mmeshiba mno? Pakawa. Haya. Hapo kale, bibi wa bibi yangu hajaota meno, nchi hii ilikuwa na Sultani aliyezoa mavuno yote na kuwaachia watu makapi. Watu wakachoka, wakaasi. Kiongozi wao aliitwa Chilungu, mtoto wa Somoe, mjane wa kijiji hiki hiki aliyekuwa akimlelea wanawe.

Jeshi likaja hapa na njaa, wajukuu zangu, njaa isiyo na adabu. Wanawake wakasema, "Karibuni, wageni." Wakapika, jeshi likala. Kesho yake wakapika, jeshi likala, likalamba na vyungu. Siku ya tatu Somoe akapanga majembe uani. Si mnajua mgeni hupewa nini siku ya tatu?

Chilungu akacheka. "Mama, hawa ni wapiganaji, si wakulima."

"Mvua i karibu, mwanangu, na ghala ni tupu. Jeshi lako litakula nini?"

"Litakula ushindi."

"Ushindi haupikiki."

Msimcheke Chilungu, alikuwa na mzigo. Watu wake walipigana kwa fimbo, na Sultani ana mikuki. Akayatazama yale majembe, chuma kitupu. Akawaita wahunzi.

Somoe akaling'ang'ania lake. "Hili ndilo linalowalisha wanao!"

"Nitakurudishia, mama. Vita vikiisha, nitakurudishia."

Akaliachia. Ni mama, angefanyaje?

Wakafua, wakafua, majembe yakawa mikuki. Wakapigana, Sultani akakimbia, ngoma zikalia. Mvua nayo ikaja, ikanyesha vizuri kweli, ikanyesha juu ya magugu. Watu wakalima kwa vijiti, wakalima kwa kucha. Njaa ikaanza kuwamaliza waliosazwa na vita.

Somoe akajikongoja hadi jumba la Sultani, alikokaa Chilungu sasa. Akamkuta anakula ugali. Unga umetoka vijiji vya ng'ambo, na mikuki ndiyo iliyokwenda kuuchukua. Naumia kuwaambia, lakini ndivyo ilivyokuwa.

"Nipe jembe langu, Chilungu."

"Mama, maadui bado wapo. Na msimu wa kulima umeshapita, utalifanyia nini?"

"Nataka kuwazika wanao. Mikono yangu imeshindwa kuchimba."

Tonge likamponyoka. Jembe halikuwapo.

Basi shikeni hili: asiyepokea jembe siku ya tatu si mgeni, hata kama umemzaa mwenyewe. Kisa changu kimekomea hapo. Utamu haukuwamo, msinidai.