Maji Machungu ya Karela

Masikio yapo? Basi yategeni.

Bi Mwanatumu alipanda mkarela, mmea wa tunda chungu la dawa, uani, ukatambaa chini kwa kukosa pa kupandia. Jioni moja likaja zimwi, limeshika tumbo.

"Bibi, nitibu, la sivyo namla binti yako."

Lakini Bi Mwanatumu hakuwa amewahi kumpa mgeni kitu kichungu! Akakata karela, akalitia chumvi, akalikamua, maji akayamwaga mlangoni, akalipika kwa tui. Zimwi likala, likasifu, likaondoka linaugulia. Jioni ya pili, vilevile. Ya tatu likaja na kamba ya kumfunga binti.

Binti akanong'ona, "Mama, yule jogoo wetu aliyekuwa anakufa anakunywa maji unayomwaga. Mtazame."

Jogoo alikuwa juu ya paa, anawika.

Bi Mwanatumu akakamua karela, safari hii akaliletea zimwi bakuli la maji yake.

"Unaniua, bibi!"

"Kunywa, baba."

Likanywa hadi tone la mwisho, likanyooka, tumbo kimya.

"Siku zote hizi ulininyima dawa?"

"Nilikuondolea uchungu, baba. Nilidhani ndiyo heshima."

Zimwi likacheka, likaenda zake, kamba likaisahau. Bi Mwanatumu akaifunga paani, ikaning'inia hadi uani. Kulipokucha, mkarela ulikuwa umeipanda mpaka paani.