Adui wa Kimulimuli

Bosi Kihampa, mwenye studio ya filamu, aliingia kwa Siwatu, mchora katuni, akiwa na wakili wake. Akakaribishwa kiti, akakikataa.

"Namtaka Kimulimuli, shujaa wako anayepaa. Awe mali yangu daima. Ukikaidi, nitakuburuza mahakamani mpaka uote mvi."

Siwatu alishusha pumzi. "Mchukue, bosi. Ila niachie adui yake, Bibi Kiza, nisibaki mikono mitupu."

Bosi aliangua kicheko. Filamu zake hakuwa akizitazama. Alitazama mabango, na mabangoni hukaa mashujaa tu. Nani atoe kiingilio kumwona kibibi kibogoyo?

"Wakili, andika! Kibibi ni chake, asionyeshwe popote bila ruhusa yake."

Wakatia saini. Hapo bosi akashindwa kujizuia. "Sasa nikwambie, dada. Filamu ya Kimulimuli nimeshaipiga, Jumamosi naizindua. Ilibaki saini yako tu!"

"Najua, bosi. Bibi Kiza wa filamu yako anaigizwa na shangazi yangu. Ananiambia hakuna pigano asilokuwemo."

Bosi alimgeukia wakili. Wakili alikuwa akitazama dari.

Siwatu akakisogeza kile kiti. "Karibu ukae sasa, bosi wangu. Tuongee."