Chiriku Aliyeshiba

Imepokewa kutoka kwa wema waliotutangulia kwamba katika mji wa Basra ya kale palikuwa na uchochoro ambamo haikuuzwa bidhaa nyingine ila ndege. Kila kibanda kilitundikwa matundu ya vijiti yenye njiwa, tetere na chiriku, na mlangoni liliwekwa gunia la mtama. Miongoni mwa wauzaji alikuwamo mjane mcha Mungu, Bi Lubaba, aliyerithi kibanda cha marehemu mumewe. Mwenyezi Mungu awarehemu wote wawili.

Watu wa Basra walipenda ndege anayekuja mkononi. Mnunuzi alinyoosha kiganja chenye punje chache. Ndege akija akadonoa, husemwa amezoea watu, na hununuliwa papo hapo. Kwa sababu hiyo wauzaji walikuwa na hila yao. Waliwanyima ndege chakula tangu jana yake, ili wanunuzi wakija, ndege wakirukie kiganja cha yeyote. Na hila hiyo waliipa jina la mzaha: walisema ndege "wamefunga".

"Wangu wote leo wamefunga," Suhaimu alikuwa akisema kila asubuhi. Huyu alikuwa ndugu wa marehemu, na kibanda chake kilitazamana na cha Bi Lubaba. "Na wako je, shemeji? Au wao ni wasafiri, wameruhusiwa kula?"

Bi Lubaba alishika njia yake. Aliwalisha ndege wake kila baada ya sala ya alfajiri, kabla yeye mwenyewe hajatia tonge kinywani, kama alivyofunzwa na mumewe. Na ndege aliyeshiba hana haja na kiganja cha mgeni. Mnunuzi akimwita, hunyoosha bawa, akajikuna, akampa mgongo. Watu wakacheka, wakavuka upande wa pili.

Mambo yakawa mazito. Ilikuwa desturi ya soko hilo kwamba kibanda kisichouza kitu mpaka mwezi mpya uandame hupewa mtu mwingine pamoja na ndege waliomo. Aliyekuwa tayari kukitwaa ni Suhaimu. Bi Lubaba hakuwa na kazi nyingine, lakini kilichomkosesha raha zaidi ni kuwafikiria ndege wake wakifungishwa saumu ya Suhaimu.

Mwezi ulipokaribia ukingoni, zikaja habari kwamba Hatibu, mfanyabiashara wa hariri, atakuja kumnunulia ndege binti yake Umaima, ambaye maradhi yalikuwa yamemwondolea nguvu za miguu. Asubuhi hiyo Bi Lubaba alisali, akachota mtama guniani, na mkono wake ukasita. Akaurudisha mtama.

Nafsi ilimwambia: ni asubuhi moja tu. Akafungua tundu la chiriku mdogo wa manjano, akaingiza kiganja kitupu. Chiriku yule, ambaye hakuwa amewahi kumjia mtu, akatua juu ya vidole vyake, akadonoa ngozi, akatafuta baina ya kidole na kidole. Bi Lubaba akafurahi kitambo kidogo. Kisha akahisi jinsi kifua cha ndege kilivyokuwa kikienda mbio, akaona haya.

"Saumu ni ya mwenye nia," akamwambia kwa sauti ya chini. "Wewe hukunuia. Wewe una njaa tu, na aliyekutia njaa ni mimi."

Akamwomba Mola wake msamaha, akajaza visahani vyote mpaka punje zikamwagika.

Hatibu alipofika alianzia kwake. "Bibi, nataka ndege aliyezoea mkono. Mwanangu hawezi kumfuata ndege. Ndege ndiye amwendee."

"Ninao ndege wazima, bwana, lakini sikufichi. Hakuna aliyezoea mkono bado."

Hatibu akanyoosha kiganja, na chiriku akampa mgongo. Ng'ambo ya uchochoro Suhaimu akaita, "Njoo huku, bwana. Wangu wanajua kukaribisha wageni." Kweli, chiriku wake alimrukia Hatibu kabla hajakunjua vidole vyote. Akanunuliwa.

"Umemfukuza mteja kwa mdomo wako mwenyewe, shemeji," Suhaimu akasema. "Nifagilie kibanda, nitakihitaji."

Siku ya mwisho ya mwezi Hatibu akarudi, uso umemwiva kwa hasira, akasimulia yaliyompata. Ndege yule, baada ya kula na kushiba, alikuwa ameruka mpaka kwenye boriti, na kila Umaima alipomwita, alizidi kwenda mbali. Mtoto akalia akisema, "Baba, hata ndege ananikimbia kwa kuwa naumwa."

Hatibu akasimama mbele ya Bi Lubaba. "Ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona hukuniambia?"

"Niliogopa kwamba ningesema kwa tamaa ya kuuza, si kwa kukunasihi. Sasa naona nilikosea. Nasaha ilikuwa haki yako. Unisamehe."

Suhaimu aliyasikia yote.

"Basi niuzie huyu wa manjano," Hatibu akasema. "Sasa hivi."

Bi Lubaba akatazama juu. Jua lilikuwa limekwisha kuinama, na watu wangeanza kuutafuta mwezi muda si mrefu. "Ukimnunua leo, utaniokolea kibanda changu," akasema. "Lakini ndege huyu hajamzoea mwanao, naye atamkimbia vilevile. Mtoto atalia mara ya pili. Niruhusu nije naye kwako, nikae nao mpaka wafahamiane. Ndipo ununue."

Hatibu akakubali, na tundu la chiriku likatoka sokoni kabla jua halijazama. Mwezi ukaandama, na kibanda kikaenda kwa Suhaimu pamoja na ndege waliobaki.

Bi Lubaba akawa akienda nyumbani kwa Hatibu na tundu lake. Alimfundisha Umaima kujaza kisahani kwanza, ndege ale ashibe, kisha ndipo auweke mkono wake pale karibu, asimwite wala asimshike. "Soma dhikri zako polepole," alimwambia. "Azoee sauti yako kabla ya vidole vyako."

Siku moja alipokuwa akipita sokoni alimkuta Suhaimu akijaza mtama katika matundu yote, ya huku na ya ng'ambo.

"Leo wamefuturu, shemeji," Suhaimu akasema, bila kumtazama usoni. "Yale maneno ya mtoto hayanitoki masikioni. Chukua kibanda chako. Hata hivyo ndege wako hawanitaki, wananipa migongo tu."

Bi Lubaba akamwombea dua, akaendelea na safari yake.

Alasiri hiyo kisahani kilikuwa kimejaa, na chiriku alikuwa akila. Umaima aliweka mkono wake juu ya mto, akawa anasoma. Ndege akainua kichwa. Akauacha mtama, akaruka, akatua katika kiganja cha mtoto, akatulia humo.

"Bi Lubaba," Umaima akanong'ona, asithubutu kutikisika, "sina kitu mkononi."

"Anajua," Bi Lubaba akamjibu.

Enyi waumini, siku ya njaa milango ya Mola wetu hujaa watu, naye kwa rehema zake hamfukuzi yeyote. Lakini na tujiulize: siku ambayo visahani vyetu vimejaa, ni nani kati yetu huuacha mtama akamwendea?